Utani wa Kunong'ona

Modesta Kasiani hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, na hakuwahi kumwonea huruma aliyenunua. Alizaliwa Mkumbulu, juu kwenye miteremko ya Uluguru, ambako shamba limesimama kama ukuta na mtu akidondosha kiazi anakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Tangu shule ya msingi alishang'amua kwamba anayeteremsha mboga mjini kichwani hupata uchovu, na anayezisubiri mjini hupata faida. Alipomaliza kidato cha nne akaacha kubeba, akaanza kusubiri. Alipanga chumba Mwembesongo, nyuma ya mashine ya kusaga, akawa anapokea matenga ya wanawake wa kijijini kwake alfajiri na kuyagawa kwa mama lishe na wenye magenge kabla jua halijanyausha mchicha. Kwa kazi hiyo alijisomesha, na kwa kazi hiyo aliingia chuoni Mazimbu kusomea kompyuta, huku kila asubuhi vidole vyake vinanuka vitunguu.

Hata kwenye timu ya mashindano aliingia kwa mapatano. Yalikuwa mashindano ya vyuo: wanafunzi watumie akili mnemba kutatua tatizo la jamii, na timu itakayoshinda ipewe wataalamu na vifaa vya kuikuza kazi yake. Godlisten, kijana wa Moshi aliyeandika programu kama wengine wanavyotafuna karanga, ndiye aliyekuwa na wazo. Mwanamke akitumiwa meseji ya vitisho, aipeleke kwenye namba fulani. Mashine itaisoma. Ikiona hatari itajibu nyekundu na kumpigia kengele afisa ustawi wa kata. Isipoona itajibu kijani. Janeth wa Dar, mwenye Kiingereza cha kulainisha majaji, ndiye angesimama kusema.

Kilichokosekana ni meseji zenyewe.

"Bila maneno ya watu wa kweli, mashine yenu ni mtoto wa mjini, haijui kitu," Modesta aliwaambia. "Mimi nina wanawake mlimani wanaoniamini na matenga yao. Nitawaletea meseji. Lakini jina langu likae sawa na yenu, siyo kule chini kwenye shukrani."

Janeth alicheka. "Wewe dada, hata Mungu utamwomba punguzo."

"Nilishamwomba. Akanipunguzia urefu."

Wakakubaliana. Meseji zikaja, na mashine ikashikwa na wazimu. Kila iliposoma za mlimani ilitoa nyekundu. Kikongwe mmoja alikuwa ameandikiwa, "Mtani wangu, unakufa lini? Tumechoka kuusubiri wali wa msiba wako." Hatari kubwa, mashine ikasema. Godlisten naye akaogopa, akataka kupiga simu polisi. Modesta alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi amweleze kwamba kwa Waluguru kila ukoo una ukoo mwingine ulio mtani wake, na mashemeji nao hutaniana. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako. Ataingia kwenye kaburi lako siku ya mazishi na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Sasa mashine itajuaje?" Godlisten aliuliza.

Kazi ya kuijulisha ikaangukia kwa Modesta. Kila meseji aisome, aiwekee alama: hii kitisho, hii utani. Alianza kwa uangalifu. Lakini meseji zilikuwa nyingi kama kumbikumbi, na alfajiri kulikuwa na matenga. Akatafuta njia ya mkato, kama mfanyabiashara yeyote. Aliona kwamba watani hupenda kuitana hivyo, mtani, mtani wangu, hata wakiwa wanatukanana. "Godi," alisema, "ikikutana na neno mtani, ipunguze ukali. Usinisumbue na mengine."

Kengele za uongo zikaisha siku ileile. Majaji wa mchujo wakapiga makofi kusikia mashine inayojua utani wa Waluguru. Timu ikaingia fainali, na Modesta akahesabu kwamba amenunua kwa bei nzuri.

Fainali iliangukia Jumamosi, palepale Mazimbu. Wao walipangwa mwisho. Ukumbini vijana wa chuo kingine walikuwa wanaonyesha picha za majani ya mihogo yenye ugonjwa. Modesta alikaa ukumbi wa nje na kompyuta ya Godlisten magotini, akitafuta meseji mpya ya kuwaonyesha majaji.

"Tafuta ya kuchekesha," Janeth alimwambia, akijitazama kwenye kioo cha simu. "Wakicheka, wametupa ushindi."

Iliyokuwa juu kabisa ilikuwa imeingia jana usiku. Namba aliijua: Joyce, dada yake, mtoto wa mama yake mkubwa. Joyce alikuwa amefiwa na mumewe, Yakobo, masika yaliyopita. Shamba lao la mdalasini lilikuwa la ukoo wa Joyce, maana Uluguru ardhi hufuata upande wa mama. Ila miche alikuwa ameipanda Yakobo kwa mikono yake, na Stefano, mdogo wake Yakobo, alikuwa akisema tangu matanga kwamba aliyepanda ndiye mwenye mti, na mwenye mti akifa mti ni wa ndugu yake. Kwa woga wa maneno hayo Joyce alikuwa amehamia kwa mama yake, na mdalasini ulikuwa umesimama bila kumenywa magome.

Meseji aliyoipeleka, ya Stefano, ilisomeka hivi: "Shemeji mtani, ukinikuta kwenye mdalasini Jumamosi asubuhi usikimbie. Kaburi la Yakobo ni pana, mnatosha wawili."

Chini yake mashine ilikuwa imejibu: KIJANI. Huu ni utani. Hakuna hatari.

Na chini ya hapo Joyce, mwenye adabu zake, alikuwa ameiandikia mashine: "Asante sana. Basi kesho nitapanda kumenya."

Modesta alisoma mara moja. Hakuhitaji ya pili. Alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba noti aliyopokea ni ya bandia na mteja keshaondoka.

"Vipi, umepata ya kuchekesha?" Janeth aliuliza.

Modesta alikuwa anapiga simu. Namba ya Joyce haikupatikana. Kule kwenye mdalasini, upande wa korongo, mtandao haufiki. Aliipiga picha meseji kwa simu yake, akamwonyesha Godlisten kioo cha kompyuta.

"Lakini ni mtani wake," Godlisten alisema. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Mambo ya makaburi ni kawaida."

"Utani husemwa watu wakisikia," Modesta alisema. "Mtani anataka wacheke, anataka umjibu. Nani anatania peke yake, kwenye simu ya mjane, usiku, na kumtajia siku na mahali? Bei ya kunong'ona ni bei ya mwizi." Akagusa kioo cha kompyuta. "Mashine inaona maneno. Haioni kama kuna msikilizaji. Na mimi sikuifundisha."

Alikumbuka jambo jingine. Siku alipopanda kigangoni kuwatangazia wanawake namba hiyo baada ya misa, Stefano alikuwepo, ameegemea nguzo. Aliuliza mbele ya wote, "Kwa hiyo mimi nikimtania mtani wangu, hiyo mashine haitanipeleka ndani?" Watu walicheka. Naye Modesta, kwa kutaka sifa, alijibu, "Andika tu mtani, shemeji, utasalimika." Alikuwa amempa mnunuzi bei ya chini kwa mdomo wake mwenyewe.

"Piga kengele kwa mkono," alimwambia Godlisten. "Mpigie afisa ustawi, mwambie aje na polisi mpaka barabara inapoishia Mkumbulu. Mimi natangulia."

"Modesta, tuko fainali!" Janeth alishika mkono wake. "Kanuni zinasema kila mwanatimu aulizwe swali. Usipokuwepo tunakatwa."

"Watukate."

"Miezi yote hii! Si umpigie mtu tu aende?"

"Nimpigie nani nimwambie nini? Kwamba shemeji ana ugomvi na shemeji yake? Kila mtu atasema hayo ni mambo ya ndugu, waachwe wayamalize."

Bonifasi, dereva wa bodaboda aliyekuwa akimteremshia matenga, alipigiwa simu, akafika getini kabla Modesta hajamaliza kufunga kamba za viatu. Ndiye mtu pekee ambaye Modesta hakupatana naye bei siku hiyo, na Bonifasi mwenyewe alishtuka.

"Bosi, kuna msiba?"

"Bado. Endesha."

Walivuka mji, wakaanza kupanda. Barabara ilikuwa imechimbwa na mvua, na kila kona pikipiki iliteleza kuelekea bondeni kama ng'ombe anayekataa josho. Modesta hakusali. Alihesabu njia. Kutoka kigangoni kwenda shamba la Joyce kuna ujia mmoja tu, umebanwa kati ya jiwe na korongo. Mtu akikaa kwenye jiwe lile, aliye juu hashuki. Stefano naye ni mtu wa kulijua jiwe lile.

Na yeye akifika peke yake, atafanya nini? Msichana mfupi na dereva wa bodaboda mbele ya mwenye panga. Hiyo si mizani. Alihitaji watu, na alihitaji sababu ya kuwapandisha ambayo hakuna atakayejadiliana nayo.

Kigangoni wanawake walikuwa wanafagia kanisa kwa ajili ya Jumapili. Modesta alishuka pikipiki ikiwa bado inatembea, akapiga kigelegele kirefu.

"Jamani mama zangu! Stefano ametutania! Ametuita shambani kwa Joyce, anasema ukoo wetu hauna mtu wa kumjibu!"

Fagio zikasimama. Nusu ya wanawake wale walikuwa wa ukoo wa Joyce, na waliobaki hawakutaka kupitwa.

"Stefano yule mwenye masikio kama majani ya magimbi?" Mama Magdalena, kiongozi wa wanawake, aliuliza. "Yeye ndiye wa kututania sisi?"

"Yeye."

"Leo atajuta kuzaliwa. Twendeni!"

Walipanda na fagio zao, wengine na ndoo, wakiimba matusi ambayo padre angeziba masikio. Modesta alitangulia, Bonifasi nyuma yake. Hakuwaambia ukweli. Angewaambia hatari, wangesimama kuulizana, kila mmoja angekumbuka sufuria jikoni. Kwa utani walikimbia.

Stefano alikuwa amekaa kwenye jiwe. Panga lilikuwa magotini, na jiwe la kunolea mkononi, anapitisha taratibu, mbele na nyuma, bila haraka. Juu yake, kati ya midalasini, Joyce alikuwa amesimama akiegemea shina lililomenywa nusu. Alishika kisu kidogo cha kumenyea kwa mikono yote miwili. Khanga ilikuwa imedondoka chini, wala hakuinama kuiokota. Ilionekana hakuthubutu kuyaondoa macho kwenye panga tangu alipoliona.

Modesta alisimama pale ambapo panga lisingemfikia, na si hatua moja zaidi.

"Shikamoo, mtani!" alipaza sauti.

Stefano aligeuka. Aliona fagio, ndoo, meno. Mkono wenye jiwe la kunolea ukasimama.

"Marahaba," alisema.

"Tumekuja kulipima kaburi," Modesta alisema. "Umesema ni pana."

Wanawake walishangilia. "Mpimeni yeye kwanza!" mmoja alipiga kelele. "Masikio yatabaki nje!"

Stefano alijaribu kucheka. "Mambo gani haya ya kuvamiana? Namtania shemeji yangu."

"Vizuri. Basi sema tena tusikie sote. Vilevile ulivyomwandikia."

"Nimesahau."

"Mimi sijasahau." Modesta alitoa simu, akasoma. Alisoma polepole, kwa sauti ya kutangaza bei sokoni, mpaka neno la mwisho.

Kicheko kilikatika vipande vipande, kwanza mbele, kisha nyuma. Mama Magdalena alishusha fagio.

"Yakobo ni ndugu yako wa tumbo moja," alisema. "Wewe ni mfiwa. Mfiwa hatanii kaburi lake. Tena unamwandikia mjane kwa siri?"

"Utani ni utani, mama." Stefano alisimama. Panga likasimama naye. "Muulizeni huyu msomi wenu. Mashine yake imesoma, imesema ni utani, hakuna hatari. Si aliwatangazia mwenyewe hapo kanisani? Mnataka kunifunga kwa neno ambalo mashine ya serikali imelipitisha?"

"Siyo ya serikali," Modesta alisema.

"Ya chuo, basi. Imesema uongo?"

Wanawake wakamtazama Modesta. Stefano hakuwa mjinga. Alikuwa amepatana vizuri kuliko wengi ambao Modesta aliwahi kukutana nao Mwembesongo. Kama mashine iko sahihi, yeye ni mtani aliyeonewa na wanawake hawa watashuka wamwombe radhi. Kesho Joyce atabaki naye peke yake, hapa hapa.

Simu ikalia mkononi. Pale kwenye ujia mtandao ulifika. Ilikuwa ya Janeth, sauti imenyooka kama yuko jukwaani, na kweli alikuwa jukwaani.

"Modesta, tuko mbele ya majaji. Wamekubali ujibu kwa simu. Uko kwenye spika, ukumbi wote unakusikia. Swali moja tu." Kisha, chinichini, kwa haraka: "Tafadhali. Tunaongoza."

Sauti ya mwanamume mtu mzima ikaingia. "Binti, hongereni. Swali langu ni jepesi. Mnasema mfumo wenu unatofautisha utani wa watu wa Uluguru na vitisho vya kweli. Je, unaweza kweli? Wewe ungeukabidhi maisha ya mtu?"

Modesta naye aliweka spika. Akainua simu juu ili hata aliyeko nyuma asikie. Stefano alikuwa anamtazama, na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na tabasamu la mtu anayejua kwamba mwenzake hawezi kuikataa biashara hiyo.

"Hapana, mzee," Modesta alisema. "Hauwezi."

Akaisogeza simu mdomoni.

"Mfumo huu umemwambia dada yangu hakuna hatari. Sasa hivi yuko mbele yangu, na mtu aliyemwandikia amesimama njiani na panga. Mtu yeyote akiandika neno mtani, mfumo wetu unamwachia apite. Mimi ndiye niliyeufundisha hivyo, kwa uvivu. Mwondoeni kwenye lawama Godlisten. Godi, unanisikia? Izime namba. Sasa hivi."

Hakusubiri jibu. Akakata.

Tabasamu la Stefano lilikuwa limeondoka. Alitazama ujia. Kulia jiwe, kushoto korongo, katikati wanawake. Mama Magdalena alipiga hatua, na waliokuwa nyuma yake wakapiga hatua. Hakuna aliyetukana sasa. Hilo ndilo lililomtisha. Mtu anayetukanwa na watani bado ni mtu wao.

"Mtani," alimwambia Mama Magdalena, akijaribu tena kucheka. "Mtani wangu, umenishinda. Nitakupa kuku."

Mama Magdalena akatazama korongoni.

"Mtani?" alimgeukia mwingine.

Yule naye akatazama pembeni. Stefano alisimama na panga lake lililonolewa bure, akilitoa neno lile kwa huyu na kwa yule, na hakuna aliyelipokea. Mwishowe Bonifasi alinyoosha mkono, kama mtu anayepokea mzigo wa abiria. Stefano akampa panga. Wanawake wakampisha upande mmoja, naye akashuka akiwa katikati yao, kuelekea barabara inapoishia, ambako gari la polisi lilikuwa tayari linasikika likinguruma kwenye kona.

Joyce aliteremka taratibu. Alikuwa bado ameshika kisu, Modesta akamfungua vidole kimoja kimoja.

"Mdogo wangu," Joyce alisema, "mimi niliiamini ile namba kwa sababu ni yako."

"Najua."

"Nilikaa pale juu nikasema, labda ni mimi sijui utani."

Modesta alipanda mpaka chini ya midalasini. Aliokota khanga, akaikung'uta, akarudi kumfunga. Meseji ya Godlisten iliingia: Wametuondoa. Nimezima. Modesta hakumlaumu.

"Twende ukaandikishe maelezo," alimwambia Joyce. "Nitakuwa na wewe."

Joyce alipiga hatua mbili, akasimama. "Na wenzangu?"

"Wenzako gani?"

"Wanawake wengine waliotuma. Walioambiwa kijani. Nao walilala na amani kama mimi?"

Modesta alihisi jua la mlima limemwangukia begani kama tenga. Alikuwa amefikiria kuizima mashine. Yale ambayo ilishayasema, alikuwa hajayafikiria. Alikumbuka vijiji, majina, mama wa Tegetero aliyeshukuru mara mbili, binti wa Turiani ambaye mumewe alimwita mtani kila siku.

Alisimama palepale kwenye ujia, mtandao usije ukapotea, akafungua simu na kuanza kuwapigia mmoja mmoja, kuanzia jina la juu kabisa. Joyce alikaa kwenye jiwe kumsubiri. Chini yao wanawake walikuwa wanashuka kimya na ndoo zao.

Simu iliita. Ikaita tena. Modesta aliibana sikioni kwa mikono miwili, akisikiliza.